Begi Halitoshi: dalili, chanzo na tiba kwa wapiga kambi wa Nyanda za Juu Kusini

Mabegi mengi yanayopandishwa Mlima Rungwe au kuzungushwa tambarare ya Kitulo yametoka mtumbani, kwenye masoko ya Mwanjelwa au SIDO jijini Mbeya, na mengi ni ya lita 35 hadi 45. Yalishonwa kwa ajili ya mwanafunzi, au kwa mtu anayelala nyumba ya wageni, si kwa mtu anayebeba hema, blanketi na sufuria. Ndiyo maana kila anayeanza kupiga kambi huku kwetu hufikia palepale: begi limetuna, zipu inagoma, na nusu ya vitu bado iko kitandani. Hapo kamba ya manila inatolewa, fundi cherehani anatafutwa, vitu vinaning'inizwa kila upande, na matatizo mapya yanaanza.

Kuongeza nafasi kwenye begi kunawezekana, tena kwa gharama ndogo. Kinachowashinda wengi ni kwamba wanaongeza lita bila kujiuliza lita hizo zitakaa sehemu gani ya mwili. Mwongozo huu unafuata dalili. Tafuta inayokusumbua, ila anza na ya kwanza, kwa kuwa ukiitibu vizuri huenda nyingine zote zisikuhusu.

Begi limejaa, vitu vimebaki

Kabla ya kushona chochote, pima. Nenda na begi lililojaa kwenye duka la nafaka, omba litundikwe kwenye mizani ya magunia. Kama limejaa hadi shingoni lakini halifiki kilo 10, umebeba hewa, na dawa yake ni kupanga upya. Kama limejaa na limeshapita robo ya uzito wa mwili wako, kuongeza nafasi ni kujitafutia maumivu; ruka hadi sehemu ya uzito huko chini.

Hewa hujificha mahali panapojulikana. Ya kwanza imo kwenye sufuria. Sufuria ya lita 3 ikiingia tupu na mfuniko wake, umeshapoteza lita 3 kabla hujaanza. Jaza mchele, chumvi, viungo na soksi humo. Ya pili imo kwenye hema lililobaki ndani ya mfuko wake wa mviringo. Mfuko huo ni mgumu, na pembeni yake pote panabaki mapengo yasiyoingia kitu. Toa hema, tenganisha nguzo, zisimamishe wima ubavuni mwa begi, halafu kitambaa chenyewe kisokomeze kijaze pembe. Ya tatu, na ndiyo kubwa kuliko zote kwa kambi za huku, ni blanketi na makoti. Kitulo ni tambarare iliyo juu ya mita 2,600, na usiku wa Juni na Julai sakitu, yaani umande ulioganda, huanguka. Huwezi kumwambia mtu aache blanketi nyumbani. Lakini blanketi lililokunjwa vizuri kwa pembe nne linachukua nafasi kubwa kuliko lililosokomezwa chini kabisa na kukandamizwa kwa goti. Kulikunja ni adabu ya kabatini, begi halina haja nayo.

Ya nne ni godoro la sponji. Likizungushwa na kuingizwa ndani linakula karibu nusu ya begi dogo. Hili ndilo la kwanza kutoka nje, na nitaeleza litoke vipi.

Ukishamaliza hayo na bado kuna vitu kitandani, sasa una upungufu wa kweli. Upime kwa lita. Debe moja ni karibu lita 20, hivyo vitu vilivyobaki vitupie kwenye debe au ndoo ya lita 20 uone vinafika wapi. Wengi hushangaa kukuta upungufu wenyewe ni nusu debe tu.

Nusu debe hupatikana hivi. Ukiongeza shingo ya kitambaa juu ya begi lenye kitako cha sentimita 30 kwa 20, kila sentimita 15 za urefu zinakupa lita 9. Mifuko miwili ya ubavuni, kila mmoja sentimita 10 kwa 20 kwa 35, inakupa lita 14. Mimi nashauri mifuko ya ubavuni kwanza. Haipandishi mzigo juu, haiusogezi mbali na mgongo, na ikiwa ya kufungika na kufunguka, siku ya kwenda mjini unaivua. Shingo ya juu ifuate baadaye, kwa vitu vyepesi tu. Mfuko wa nyuma kabisa, ule unaotazamana na mtu anayekufuata njiani, uwe wa mwisho, na kwa sababu inayokuja sasa.

Begi linakuvuta nyuma

Hii ndiyo dalili ya kawaida kuliko zote kwa begi lililoongezwa. Unatembea umeinama mbele, shingo imekakamaa, na kila ukisimama wima unahisi kuna mtu anakuvuta mkia wa shati.

Chanzo si uzito peke yake. Ni uzito ukizidishwa kwa umbali wake kutoka mgongoni. Kilo 2 zilizo sentimita 40 kutoka mgongoni zinakuvuta nyuma sawasawa na kilo 4 zilizo sentimita 20. Kwa hiyo mtu aliyeshona mfuko mzuri mkubwa upande wa nyuma wa begi, kisha akaweka humo chupa mbili za maji na makopo ya maharage, amejipa mvuto wa nyuma mkubwa kuliko mizani ilivyoonyesha.

Tiba ni kubadilisha makazi ya vitu. Vizito vyote, yaani maji, mchele, makopo na mafuta ya kupikia, viwe ndani, vimegusa upande wa mgongo, kati ya kiuno na mabega. Blanketi na nguo za kulalia chini kabisa. Vyepesi vinavyojaza nafasi, kama koti, hema na mkate, viende mbali na mgongo au juu. Mfuko wa nyuma ubaki wa vitu visivyo na kilo: koti la mvua, taulo, kandambili.

Kuna chanzo cha pili ambacho watu hawakishuku. Begi lililoongezwa likiwa halijajaa, vitu vinateleza na kuanguka mbali na mgongo, na begi linatunga tumbo. Hapa mikanda ya kubana ubavuni inahitajika. Kama begi lako la mtumba halina, fundi anaweza kuweka miwili kila upande, wa juu na wa chini, yenye klipu za plastiki. Kaza baada ya kupakia, na kaza tena mkishakula cha mchana, maana chakula kimepungua.

Jaribio rahisi: vaa begi, simama kisigino kikigusa ukuta halafu sogea hatua moja mbele. Simama wima kabisa bila kushika kitu. Ukilazimika kuinamisha kichwa ili usirudi nyuma, fungua na upange upya hapohapo nyumbani. Ni bora kuliko kupangua begi kwenye matope ya Isongole, chini ya Rungwe, mvua ikikutazama.

Begi linayumba au linagonga unapotembea

Chochote kinachoning'inia kwa sehemu moja kitayumba. Sufuria iliyofungwa kwa kamba moja, kikombe kilichotundikwa kwenye zipu, godoro lililofungwa katikati tu. Kwenye barabara ya vumbi ni kelele. Kwenye msitu wa Rungwe ni hatari zaidi, kwa sababu njia inapita penye mianzi na mizizi, na kinachoning'inia kinakamata tawi wakati mguu wako umeshainuka.

Kila cha nje kifungwe sehemu mbili, na kama ni kirefu, tatu. Godoro la sponji lilale kwa upana chini ya begi au lisimame wima ubavuni. Likilala kwa upana juu, litapiga matawi pande zote mbili mpaka jioni. Ukiweza, likunje bapa na ulipitishe kati ya begi na mikanda ya kubana. Bapa haliyumbi.

Kuhusu cha kufungia, manila inateleza na fundo lake likilowa halifunguki kwa vidole vilivyokufa baridi. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa vipande virefu unashika vizuri zaidi na unavutika mzigo unapopungua. Ubaya wake ni kwamba jua linaufanya upasuke. Uvute na kuukagua kabla ya kila safari. Mkanda wa nailoni wenye klipu ndio bora kuliko vyote, na mafundi wa mabegi wanazo klipu walizozivua kwenye mabegi mabovu.

Mabega yanachomeka, kiuno hakina kazi

Begi la lita 40 likiwa na kilo 8 unaweza kulibeba kwa mabega tu siku nzima. Ukiliongeza likafika kilo 14, mabega yanakataa. Uzito mkubwa unapaswa kukaa kwenye mifupa ya nyonga kupitia mkanda wa kiunoni, na mabega yabaki na kazi ya kuzuia begi lisianguke nyuma.

Angalia mkanda wa kiunoni kwanza. Upo? Kama upo, umekaa juu ya mifupa ya nyonga au umekaa tumboni? Ukikaa tumboni unabana chakula na hausaidii kitu. Legeza mikanda ya mabegani yote, funga kiuno kwanza juu ya mifupa, kisha ndipo uvute ya mabegani mpaka iguse tu. Watu wengi hufanya kinyume na kulaumu begi.

Kama begi halina mkanda wa kiunoni, unaweza kushonewa, lakini sharti uanzie kwenye mshono wa kitako, pale kitambaa cha mgongo na cha chini vinapokutana, uende hadi ndani ya mshono huo. Mkanda uliobandikwa tu juu ya kitambaa utang'oka. Nao uwe mpana kiasi cha kiganja, wenye sponji ngumu ndani, ile ya magodoro ya mazoezi. Sponji laini ya makochi inalala siku ya kwanza na kubaki kitambaa.

Sababu nyingine ni kukosa fremu. Begi la shule halina kitu kigumu mgongoni, hivyo ukilijaza linajikunja katikati na uzito wote unabaki kwenye mabega hata kama mkanda wa kiunoni upo. Ujanja wake ni godoro la sponji lililokunjwa mara tatu na kusimamishwa ndani upande wa mgongo. Litachukua nafasi, ndiyo, lakini linafanya kazi mbili, na usiku unalilalia. Wengine hupachika kipande cha plastiki ngumu kilichokatwa kwenye dumu la lita 20; kinafaa, mradi kingo zake zizungushiwe kitambaa ili zisikate begi kwa ndani.

Ukiongeza shingo ndefu juu ya begi lisilo na vile vikanda vidogo vinavyoanzia juu ya bega kwenda kichwa cha begi, sehemu ya juu itaegemea nyuma kila mara. Hakuna ujanja wa kupanga utakaoizuia. Ama ushonewe vikanda hivyo ama upunguze shingo.

Mshono ulioongezwa unafumuka

Hapa panahitaji macho. Chukua begi lililofumuka, liangalie kwa karibu kabla hujaenda kumgombeza fundi. Kuna namna tatu za kufumuka na kila moja ina chanzo chake.

Kama uzi umekatika lakini kitambaa ni kizima, tatizo ni uzi. Uzi wa pamba wa kushonea magauni huoza kwa unyevu na kusagika kwa msuguano. Dai uzi wa nailoni au poliesta, ule mnene wanaotumia mafundi viatu. Fundi mwenye cherehani ya kawaida ya miguu atakwambia uzi huo unakatika kwenye mashine yake. Mara nyingi ni kwa sababu ya sindano ndogo. Sindano namba 16 au 18 inaupitisha.

Kama kitambaa kimechanika sambamba na mshono, kikaacha mstari wa matundu, tatizo ni hatua fupi mno za cherehani. Matundu yaliyokaribiana yamekigeuza kitambaa kuwa tundu za stempu, na uzito umekichana palepale. Hatua za milimita 3 hadi 4 zinatosha kwa kitambaa cha begi. Kurudia mshono mara tano palepale hakuongezi nguvu, kunaongeza matundu.

Kama mkanda umetoka na kipande cha kitambaa, uzi mzima na mshono mzima, tatizo ni kwamba mkanda ulishonwa kwenye tabaka moja la kitambaa. Hii ndiyo inayotokea sana. Tiba ni kiraka kwa ndani: kipande cha mkanda wa nailoni au kitambaa kigumu cha begi kuukuu, kipana mara mbili ya mkanda wenyewe, kishonwe pamoja nao. Umbo la mshono liwe mraba wenye msalaba katikati, ili mvuto ugawanyike pande zote. Ncha za mkanda ziunguzwe kwa kiberiti kabla ya kushonwa. Nailoni inayeyuka na kujifunga, haitafumuka nyuzi.

Fundi viatu wa pembeni mwa soko mara nyingi ni bora kwa kazi hii kuliko fundi nguo mwenye cherehani tano. Ana sindano nene ya mkono, uzi mgumu, na nta ya kuupaka uzi ili upite na usiingize maji. Mzee mmoja nilimpelekea begi lenye mkanda wa bega uliong'oka. Aliligeuza ndani nje, akachomeka kidole kwenye tundu, akauliza, "Mwanangu, unabeba nini humu, saruji?" Kisha akakata ulimi wa kiatu kuukuu cha ngozi na kuufanya kiraka. Ngozi hiyo ikilowa na kukauka mara nyingi bila mafuta itakuwa ngumu na kupasuka, kwa hiyo huwa naipaka mafuta ya viatu mwanzo wa masika. Mkanda wenyewe haujatikisika.

Nyumbani, kwa dharura, sindano ya shazia na uzi wa kushonea magunia vitakufikisha kwenye gari. Usitegemee zaidi ya hapo.

Zipu inaachia nyuma ya kichwa chake

Begi lililojazwa kupita kiasi hupasua zipu, na watu wanadhani zipu imekufa. Mara nyingi meno ni mazima; kichwa ndicho kilichopanuka kwa kuvutwa. Kibane polepole kwa koleo, upande mmoja kisha wa pili, kidogo kidogo, ukijaribu kila mara. Meno yakikwama, paka mshumaa. Na kuanzia leo kaza mikanda ya kubana kwanza, funga zipu baadaye. Zipu kazi yake ni kufunika. Kubana mzigo ni kazi ya mikanda.

Maji yanaingia

Mji wa Tukuyu, chini ya Rungwe, unapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, na mvua ya Nyanda za Juu Kusini huanza Novemba ikakaa hadi Mei. Begi lolote lililoshonwa upya litaingiza maji huku, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango. Hata kabla ya kushona, angalia ndani ya begi la mtumba. Ukiona ngozi nyembamba inabanduka vipande vyeupe, au ndani panagusika kwa kunata, ile dawa ya kuzuia maji imeshakufa. Hairudishwi kwa kufua, na sabuni ya unga itabandua kilichobaki.

Wengi hukimbilia kava la mvua. Kwa begi lililoongezwa kava lina kasoro mbili. La kwanza, lilikatwa kwa begi la lita 40. Ukishaweka mifuko ya ubavuni na shingo, halifiki, linateleza, na upepo wa Kitulo utalipeleka hadi Makete mjini. La pili, hata likifika, maji yanashuka kutoka shingoni kwako, yanafuata mgongo, yanaingia kwenye upande ambao kava haliufuniki kamwe. Halafu yanatuama chini ya kava lenyewe. Kama unalo, toboa tundu dogo sehemu ya chini kabisa.

Kinachofanya kazi ni kuliacha begi lilowe na kukinga vilivyomo kwa mfuko wa ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini Tanzania Juni 2019, na hata hivyo ile ilikuwa myepesi mno kwa kazi hii. Huku kwetu kwenye mahindi kuna kitu bora zaidi: mifuko ya kuhifadhia nafaka bila dawa, maarufu kama kinga njaa, inayouzwa maduka ya pembejeo. Ina tabaka tatu, kiroba nje na mifuko miwili ya plastiki nene ndani. Mfuko mmoja wa ndani wa gunia la kilo 100 unameza begi lote la lita 60 na kubakiza mdomo mrefu. Uingize mtupu kwenye begi, pakia ndani yake, halafu mdomo ufunge vilevile unavyofungwa kwenye mahindi: toa hewa, songoa, kunja shingo irudi chini, funga kwa mpira. Mfuko wa pili unabaki wa kutandika chini ya hema. Usitumie mfuko wa ndani wa mbolea hata ukioshwa. Masalia yake yataishia kwenye chakula na kwenye ngozi yako.

Mifuko ya ubavuni haiingii kwenye kinga hiyo, kwa hiyo weka humo vitu visivyojali maji: chupa tupu, nguzo za hema, vigingi. Blanketi lisikae huko hata kwa saa moja.

Kama maji yanaingia kwa kidogo tu na unataka kuziba mshono mmoja, gundi ya viatu iliyopakwa nyembamba kwa ndani, ikakauka usiku mzima, inasaidia. Mshumaa ulioyeyushwa hauna maana, unabanduka ukikunja begi.

Begi lilitoka nyumbani zima, likafika limechanika

Chanzo kipo kwenye buti la basi au kwenye pikipiki. Konda anavuta begi kwa chochote kinachojitokeza, na bodaboda wa kukupandisha kutoka Chimala hadi Matamba, njia ya kwenda Kitulo, kwenye zile kona 57, ataufunga mzigo wako kwa mpira mpaka klipu zilie. Kabla ya kupakia, vua mifuko ya ubavuni uiingize ndani au uibebe mapajani. Mikanda ya kiuno ifunge kwa kuizungusha nyuma kuelekea begi, isilegee ikaingia kwenye tairi. Na begi zima litumbukize kwenye kiroba. Kiroba kikichanika hakuna anayelia.

Vyote vimeingia, lakini unahema kabla ya kufika msituni

Hili halitibiwi kwa cherehani. Rungwe inakaribia mita 3,000, na mwili unayaona hayo hata begi likiwa jepesi. Rudi kwenye mizani.

Maji ni kilo 1 kila lita, na hayana ujanja; yabebe ya kutosha hadi unapojua utayapata mengine, si zaidi. Chakula kina ujanja mwingi. Viazi mviringo sehemu kubwa ni maji, na kuvinunua Mbeya mjini uvibebe kuvipeleka Kitulo ni kuwarudishia wakulima viazi vyao. Nunua Matamba. Kwa kubeba, mchele na usipa mkavu wa Ziwa Nyasa vinakupa mlo mzima kwa uzito mdogo, ila usipa ufungwe tabaka mbili, la sivyo blanketi litakukumbusha harufu hiyo hadi Krismasi. Karanga, sukari, majani ya chai, unga kidogo. Makopo acha, unabeba chuma na maji.

Mtungi wa gesi wa kilo 6 nimeuona ukifungwa juu ya begi. Chuma chake peke yake ni kizito kuliko gesi iliyomo. Kama mko wanne, jiko moja dogo na sufuria moja kubwa vinawatosha, na hema la watu wawili ligawanywe: mmoja kitambaa, mmoja nguzo na vigingi. Kabla hujaongeza lita kwenye begi lako, uliza kundi zima nani kabeba nini. Mara nyingi utakuta visu vinne na hakuna kiberiti.

Umeongeza kila kitu na bado halitoshi

Begi la lita 40 linakubali kuongezwa hadi lita 55 au 60 hivi. Kupita hapo kitambaa, mgongo na mikanda vinakuwa vya begi jingine. Liache kama utaona mojawapo ya haya: kitambaa kinachanika ukikibana kati ya kucha mbili na kukivuta, ishara kwamba jua limekwishakila, mikanda ya mabegani imeshashonwa upya zaidi ya mara moja palepale, au sehemu ya mgongo imelegea kiasi kwamba sponji imejikusanya chini.

Hapo tafuta la lita 60 na kuendelea. Nenda mtumbani asubuhi siku marobota yanapofunguliwa, na usiende mikono mitupu. Beba kiroba chenye kilo 10 za mahindi. Muuzaji atacheka; kiweke ndani ya begi, vaa, funga kiuno, zunguka vibanda viwili. Pitisha kidole ndani upande wa mgongo utafute vyuma viwili vyembamba vya fremu. Mara nyingi vimeng'olewa na mifuko yake imebaki mitupu, na bei haikushuka. Vuta kila klipu. Geuza begi ndani nje unuse: likinuka uvundo wa siki, dawa ya maji imeanza kuoza hata kama kwa macho linang'aa. Angalia mkanda wa kiunoni unakaza hadi mwisho kwa kiuno chako, maana mengi yalikatwa kwa watu wanene kuliko sisi, na mkanda uliofika mwisho wake bila kushika ni sawa na kutokuwa nao. Ukilipata, klipu na mikanda ya begi la zamani ivue kabla hujaligawa.